Shuka la Bibi wa Kitabuni

Simu ilinikuta nimeinamia sufuria kubwa ya shule ninayopikia, nakwangua ukoko. Binamu yangu, fundi bomba, ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisema machache tu: "Dada, mama ametangulia." Nikakaa chini palepale jikoni. Nilikuwa nimechoka hata machozi yakaona uvivu kutoka.

Yeye alimwita mama, mimi nilimwita Mamdogo. Alikuwa mdogo wake marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali: mashuka kutwa nzima, kwa kusimama, mvuke usoni. Wenzake walimwita Madam Mistari, maana hakuachia shuka mpaka mikunjo ilingane. Alirudi nyumbani miguu imevimba, akaikanda kwa maji ya moto, akasali, kisha akashika ufagio. Ukimwambia apumzike, anakujibu, "Nikipumzika mtaanza kuulizana nani kapika."

Nilipofika kwake, binamu alinivuta pembeni.

"Wanataka nguo kule chumba cha maiti. Na mtu wa kumvisha."

"Si watamvisha wao?"

"Madam Mistari avishwe na watu wasiojua hata kunyoosha kola? Mimi mwanamume, dada. Siwezi kumvisha mama yangu."

"Nguo nitatafuta. Mle ndani siingii."

"Unaogopa nini? Huyu ni mama."

Hilo ndilo nililoliogopa. Sikutaka kumwona amelala bila pumzi, halafu sura hiyo ndiyo nibaki nayo hadi Mungu aniite na mimi. Lakini pia niliona aibu mbele za Mungu, kwamba mwanamke aliyenivisha mimi avishwe na wageni.

Nikafungua kabati kutafuta gauni lake la ibada. Chini ya nguo kulikuwa na kitabu cha picha, kimechakaa, jalada limeshonwa kwa uzi. Ndicho alichonisomea utotoni, nami nilikuwa nimekisahau kabisa. Nikakaa kitandani, nikakifungua. Mbuzi ameingia nyumbani kwa watu: anakula pazia, anaangusha ndoo, anapita sebuleni, kofia ya mwenye nyumba imening'inia kwenye pembe zake. Kisha ukurasa wa chumba cha kulala. Hapo, juu ya picha ya kitanda, palishonwa kipande cha shuka la hospitali, ukingo wa juu tu ili kiweze kufunuliwa, na pindo lake limepigwa pasi.

Ndipo nikakumbuka. Kitandani, pale pichani, alilala bibi, amefumba macho, mdomo wazi. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uleule, na kila tulipofika hapo nililia kwamba huyu amekufa. Mamdogo hakubishana na mimi. Alichukua sindano. "Bibi anasikia baridi," alisema. "Tukifika hapa wewe mfunike vizuri, tuendelee na mbuzi wetu." Basi nikawa namfunika, tunaendelea. Sikuwahi kulifunua tena lile shuka.

Nikalifunua. Bibi wa watu alikuwa anakoroma tu, miwani bado usoni, mbuzi anatafuna kona ya mto wake.

Nikacheka kwa sauti. Binamu akachungulia mlangoni. "Dada, uko sawa kweli?"

"Njoo umwone huyu bibi."

Akaitazama picha. "Sasa huyu si mama? Alikuwa anakoroma hivihivi, jirani anagonga ukuta." Akacheka, halafu akaegemea kabati, akalia.

Nilikunja gauni. "Twende," nikamwambia. "Nitamvisha mimi."

Kule chumba cha maiti, Mamdogo alikuwa wa baridi, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Mikono yake ilikuwa na alama za zamani za pasi, nikaiingiza kwenye mikono ya gauni polepole. Mikono yake ilikuwa na alama za zamani za pasi, nikaiingiza kwenye mikono ya gauni polepole. Nilinyoosha kola, nikasali, nikambusu paji la uso.

Tulimzika kesho yake mchana, juani. Wenzake wa chumba cha kufulia walikuja na aproni zao, maana walitakiwa kurudi kazini. Sala ilikuwa fupi. Binamu na wanaume wengine walimshusha kwa kamba, mmoja akasema, "Taratibu upande wako," wakasawazisha. Nilitupa udongo, nikasogea ili wengine nao watupe. Walipomaliza kufukia tulisimama kidogo, kisha tukaondoka.