Mama mkwe kanimalizia tamthilia

Jamani, usimpe mama mkwe tamthilia ambayo wewe mwenyewe hujaimaliza.

Wiki iliyopita nilimfungulia mtandaoni, kwenye simu yake, ile ya Kituruki, ya bibi harusi ambaye baba yake aliuawa siku ya ndoa. Nikajua hafiki mbali, maana mtandao wa kijijini kwake Endabash unasumbua.

Kumbe anapanda mlimani kuutafuta!

Leo kaja Karatu sokoni, akapitia hapa ninaposhonea. Wateja wamejaa. Hata hajakaa:

"Mama Neema, kumbe aliyemuua ni yule shangazi!"

Nikaacha cherehani.

"Mama! Mimi bado niko sehemu ya sita!"

"Ya sita? Sasa ulinipaje kitu ambacho hujui mwisho wake?"

Wateja wakacheka. Ila mmoja hakucheka, kumbe naye alikuwa anaifuatilia. Kaondoka amenuna, hata gauni hakupima.

Nikamwagizia mama mkwe chai. Lakini roho inaniuma, maana kwenye tamthilia nzima nilikuwa nampenda shangazi tu.

Wakati wa kuaga akaniambia, "Nitafutie nyingine."

Naombeni majina. Iwe ndefu, na isiwe na siri hata moja.