Poda ya Keram

Kila nikimpaka mwanangu poda baada ya kumkogesha, mawazo yangu hurudi kwenye klabu yetu ya watoto ya mtaa wa Kuze. Tukitoka shule, mwalimu wa klabu aliinyunyiza poda kwenye ubao wa keram ili kete tunazozisukuma kwa kidole ziteleze. Mwenzangu wa timu, mtoto wa jirani, alikaa mkabala nami. Siku moja alikosea tukafungwa mchezo, nikamwambia, "Kesho usije."

Hakuja tena.

"Mwenzako yuko wapi?" mwalimu aliniuliza.

"Sijui, mwalimu."

Nilijua. Nilikuwa nimempita kichochoroni, ameketi na vijana wakubwa wanaovuta bangi.

Siku hizi yeye ni teja. Jana nilipita pale nimembeba mwanangu, mwenzangu akainuka kwa shida, akanyoosha mkono kuomba.

"Shikamoo, mzee."

Tumezaliwa mwaka mmoja. Nikaitikia, "Marahaba."