Buluu Nzito ya Lamunu

Binti yangu Lamunu hupaka rangi nyumba za watu. Alianza kwa kubeba ndoo za plasta kule Nakawa, wanaume wakimcheka. Sasa wanaume haohao humwita awapakie kona za dari, kwa sababu mkono wake hautetemeki.

Mwezi wa pili alikuja na ombi. Kuna mama Mkenya, Whitney Nanyama, muuza mapazia, aliyejenga nyumba huko Ggaba. Alitamani kuta za buluu nzito, ile inayokaribia weusi, lakini aliogopa. Alitaka kwanza kuiona ndani ya nyumba ya mtu. Akiridhika, Lamunu angepewa nyumba nzima, kazi yake ya kwanza bila bosi.

"Mama, nipe sebule yako."

"Hii yenye dirisha moja? Mwanangu, tutagongana mchana!"

"Ukiichukia, nitairudisha nyeupe."

Nikakubali, kisha nikajuta kabla hajafungua kopo. Mpako wa kwanza ulitoka na michirizi, kama mtu amekausha jinzi mbichi ukutani. Jirani yangu Zulaikha akachungulia mlangoni.

"Mama Lamunu, mmefiwa?"

"Funga mdomo."

"Nafunga, lakini niwashie taa kwanza nione njia ya kutokea."

Lamunu alicheka hadi akakaa juu ya kopo.

Baada ya mpako wa pili ukuta ukatulia. Nikarudisha viti na vitambaa vyangu vyeupe vya kufuma, vile ambavyo Lamunu amenililia miaka mingi niviondoe. Mbele ya ile buluu vilionekana kama vimefuliwa asubuhi hiyo.

"Viache," alisema, bila kunitazama. Nilifurahi kama nimepewa zawadi.

Jumamosi alitoka kumpokea mgeni barabarani. Nikabaki nikikagua, na nikaona alama ya kidole karibu na mlango. Sasa, mimi ni mke wa polisi. Miaka kumi na tisa tuliishi kambini Naguru, na siku ya ukaguzi kila mke alifuta kuta kwa kitambaa chenye maji kabla ofisa hajafika. Mkono ukaenda wenyewe. Kidole kikatoka, lakini pakabaki doa linalong'aa. Nikafuta pembeni ili pafanane. Likakua. Niliposikia sauti zao nje, lilikuwa kubwa kama sinia.

Whitney aliingia, akasimama katikati. "Yesu wangu, ni nzuri!" Akazunguka, akafika mlangoni. "Na hapa?"

Lamunu alinitazama. Kitambaa nilikuwa nimekificha nyuma yangu, kinadondosha maji.

"Ni mimi, nimefuta," nikasema. "Mtoto hana kosa."

Whitney aliguna. "Mimi nina wavulana watatu. Wakishamaliza chapati, mikono yote ukutani. Nitafuta kila siku."

Nikaona nimeifuta kazi ya mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Madamu," Lamunu akasema, "rangi hii imetulia hivi kwa sababu haing'ai. Lakini haipendi kusuguliwa. Hii nitaipaka juu. Chini, wanapofika wavulana, nitapaka buluu hiyohiyo, ya aina inayong'aa kidogo na kuoshwa. Katikati napigilia ubao mwembamba."

Whitney akacheka kwa nguvu. "Nimeuliza mafundi wanne kama inaoshwa, wote wakasema haina shida! Mama Lamunu, ningekuwa na kitambaa chako, ningewajua mapema. Binti, njoo Jumatatu."

Zulaikha, ambaye alikuwa akisikiliza dirishani, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Mimi nikapiga cha pili, kitambaa kikiwa bado mkononi.

Nilidhani doa litapakwa siku ileile. Lamunu amekataa. Kila mteja anayetaka buluu humleta kwanza kwetu, aone uzuri na aone doa. Jana alileta wawili. Mmoja akanyoosha kidole kugusa ukuta.

"Hapana," nikamwambia. Nilikuwa nimesimama kando ya doa langu, kifua mbele, mikono nyuma, kama ofisa wa ukaguzi.