Kilima Alichokiacha Baba Neema

Jumamosi jioni.
Wifi Beata, na wengine mnaonisoma,

Leo nusura niwaue kwa njaa watu wa marehemu mume wangu.

Ni wale wa kwenye gemu lake la kujenga miji. Tangu tumzike sikulifungua, ila leo kukaa nimeshindwa, kulala nimeshindwa.

Ardhi yote kando ya mto aliilima. Kilima kimoja tu kilibaki kitupu. Nikasema alisahau, nikaagiza mgodi. Gemu likaonyesha matofali ya kujengea yatapanda, chakula kitashuka, maana wakulima wangehamia mgodini.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu na chai yake.

“Mama Neema, mlima unachimbwa ngoro, unapandwa mahindi. Mgodi wa nini?”

“Mama, gemu halijui ngoro, mashimo yetu ya kulimia milimani kule Maguu.”

“Mwanangu aliyajua.”

Nikatazama tena. Kumbe utafiti wa kilimo cha mlimani ulibakiza zamu moja ya mchezo ukamilike. Hakusahau, alikuwa anasubiri.

Nikafuta mgodi. Kidole kikasita, kisha nikabonyeza zamu. Kilima kikakubali shamba la ngazi, chakula kikapanda kutoka moja hadi tatu.

Mji umeshiba, ila umeshapita pale alipouachia. Ninyi mngebonyeza?

Wifi, mkisali leo mnitaje na mimi.