Bado, Nolia

Nolia Dardar alikuwa na ugonjwa mmoja ambao miaka thelathini na saba ya ndoa haikuuponya: alivuta fimbo ya kuvulia samaki mapema. Huku kwetu kwenye vinamasi vya Louisiana, hilo ni kosa la kuchekwa hadi mlangoni mwa kanisa. Samaki wetu mwekundu, yule mwenye doa jeusi mkiani, kinywa chake kimekaa chini, kimeumbwa kwa kuokota kaa matopeni. Ukimrushia chambo cha kuelea, kile kisamaki cha plastiki kinachoyumba kushoto na kulia juu ya maji, anakikimbilia kama mwendawazimu na mara nyingi anakikosa. Maji yanalipuka, moyo unakuruka, na hapo ndipo unapotakiwa usifanye lolote. Unangoja mpaka usikie uzito mkononi. Nolia hakuwahi kungoja. Akiona mlipuko tu, anavuta, na chambo kinaruka hewani na ndoana zake zote kurudi kumtafuta macho.

Basi mumewe Ovide, ambaye siku zote alikaa nyuma katika kayaki yao, mtumbwi mwembamba wa watu wawili, akipiga kasia, alikuwa na wimbo wake: "Bado, Nolia! Bado!" Gaspard, jirani yao mwenye mdomo usio na breki, aliapa kwamba wimbo huo aliusikia akiwa kitandani kwake, madirisha yamefungwa.

Wimbo ulikatika mwaka huu. Ovide alianza kwa kusahau funguo, kisha akasahau siku, kisha mwezi wa tatu, mezani, sahani ya wali na mchuzi wa samaki mbele yake, akamtazama mkewe na kumwuliza kwa adabu, "Samahani mama, wewe ni wa ukoo gani?" Tangu siku hiyo hakumtaja jina tena. Mara mbili alishuka ngazi za nyumba yao iliyoinuliwa juu ya nguzo alfajiri, akaingia mtoni na viatu. Nolia akawa analala sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni. Mwezi wa kumi akaanguka jikoni kwa uchovu, na binti yao Twyla akaja kutoka mjini na karatasi za nyumba ya kutunzia wazee. Nolia alizitia sahihi. Angekataa kwa nguvu zipi? Wangekuja kumchukua Ovide Jumatatu.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi alimvalisha koti na kumshusha mpaka gatini. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya Jumatatu: amsikie Ovide akitaja jina lake. Mara moja ingetosha.

Gaspard aliwaona akaja mbio, kikombe cha kahawa mkononi.

"Nolia, umerukwa na akili? Upepo umegeuka usiku, unatoka kaskazini. Saa nne haijafika kidimbwi chenu chote cha kuvulia kitakuwa uji!"

"Nina macho, Gaspard."

"Macho unayo. Mimi naulizia akili."

"Shika kamba hii. Kelele utapiga baadaye."

Akaishika, maana ana mdomo lakini hana roho mbaya. Akamfunga Ovide jaketi la kuelea taratibu, akamwambia, "Mzee, leo uvue wewe. Huyu mkeo atatutia aibu." Ovide akacheka kidogo, kama mtu anayecheka mzaha wa mgeni ili asimvunjie heshima.

Alichosema Gaspard, Nolia alikijua tangu utotoni. Upepo wa kaskazini unayafagia maji yote kuelekea baharini, na vidimbwi vinabaki tope la kumeza mtu. Alama yetu ni magamba ya chaza kwenye mlango wa kidimbwi. Yakitokeza, unaondoka, hata kama samaki wanakuita kwa jina. Hakuna mtoto wa huku asiyejua hivyo.

Alimkalisha Ovide mbele, yeye akakaa nyuma na kasia. Kidimbwini maji yalikuwa hayafiki goti, na mikia ya samaki ilichomoza kando ya majani, myekundu kama shaba. Akampa Ovide fimbo. Mikono ile haikuwa imesahau kitu. Ilirusha chambo mahali pembamba penye nafasi ya sahani mbili, ikakitembeza kushoto, kulia, kushoto. Maji yakalipuka. Ovide hakutikisika. Akangoja, akangoja tena, kisha akainua fimbo polepole, na kayaki nzima ikavutwa kuelekea majanini.

Nolia alilia kwa furaha. "Umempata, mzee wangu! Niambie sasa, nani huyu aliyekuona?"

Ovide alimtazama samaki, akamtazama yeye, kisha akaanza kumng'oa samaki ndoana.

Hapo ndipo lilipomjia wazo, na mimi simlaumu, ingawa wapo wanaomlaumu hadi leo. Kama kufanya vizuri hakukumwamsha, labda kosa lingemwamsha. Alichukua fimbo, akarusha chambo juu ya kichwa cha mumewe. Mlipuko! Akavuta mapema makusudi. Chambo kikaruka, samaki akakimbia. Nolia akangoja wimbo wake.

Ovide alikuwa anatazama maji yakitulia.

Akarusha tena. Wa pili, wa tatu, wa nne, wote akawaharibu, samaki ambao mtu mwingine angewasimulia miaka kumi. "Ovide, umeona nilivyofanya?" alisema. "Nimevuta mapema tena, si ndiyo? Nikemee basi!" Wa tano, wa sita. Upepo ulimpiga mgongoni, na magamba ya chaza yalikuwa yametokeza mlangoni, makavu, na alikuwa ameyaona, akajifanya hajayaona. Mmoja tu, alijiambia. Mmoja tu, atasema.

Baada ya wa saba kayaki iligusa tope.

Alisukuma kwa kasia, kasia likazama nusu. Kutoka hapo hadi mferejini, penye maji ya kutosha, zilikuwa hatua mia moja na zaidi za uji mweusi. Nolia alijitukana kwa maneno ambayo padri hajui kama anayajua. Akashuka, akazama hadi mapajani, akapitisha kamba begani na kuvuta. Kayaki iliteleza kidogo ikagoma. Akavuta tena. Kiatu kimoja kikabaki chini, akakiacha.

"Nishuke nikusaidie, mama?" aliuliza Ovide, akiinua mguu.

"Kaa! Usishuke! Ukishuka sitakutoa!"

Akakaa kama mtoto aliyekemewa. Nolia akavuta huku analia kwa sauti, maana hakukuwa na mtu wa kumficha. Alikililia kila kitu: mlango aliolala nyuma yake, zile karatasi, samaki saba, na ujinga wa kumleta mgonjwa kufia matopeni kwa ajili ya neno moja.

Walikuwa wamefika nusu ya njia Ovide alipokohoa.

"Mama, usikasirike nikikwambia kitu."

"Sema, mzee wangu."

"Unavuta mapema."

Nolia alisimama, kamba mkononi.

"Nimekuhesabia saba," alisema Ovide. "Wote umewanyang'anya chambo mdomoni. Usione haya, mke wangu naye yuko hivyo hivyo. Namwambia kila siku: Bado, Nolia! Bado! Hasikii yule!" Akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha puani, ambacho Nolia alidhani hatakisikia tena duniani.

Aligeuka aliposikia jina lake, uso umejaa matope. "Ni mimi, Ovide. Mimi ndiye Nolia."

Ovide alimwangalia kwa makini, akatikisa kichwa kwa upole wa kutotaka kumuumiza. "Hapana, mama. Nolia ni mdogo kwako. Yuko nyumbani, najua hajala, ananingoja." Kisha akainama mbele na kupunguza sauti, kana kwamba kinamasi kina masikio. "Kuna watu wanataka kunipeleka kwingine. Nimewasikia wakiongea. Wewe naona ni mtu mwema. Usikubali. Nirudishe kwa Nolia."

Mferejini, mbali, injini ya boti ya Gaspard ilikuwa inakuja, na Gaspard mwenyewe anapiga kelele kama kawaida yake. Nolia hakugeuka kumtazama.

"Nitakurudisha," alisema.

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi," alisema Nolia, ambaye sahihi yake ilikwisha kukauka siku nyingi kwenye karatasi za Twyla, akaipitisha tena kamba begani na kuvuta.