Kitambaa cha Mama na Gunia la Mahindi

Siku moja nikiwa mtoto, nyumbani kwetu Kaloleni tulikuwa mama yangu Ronika, baba yangu Zakayo, dada yangu Peris aliyekuwa anachumbiwa, na mimi mdogo wake. Mgeni alikuwa Mama Joash, aliyekuja kuiona nyumba mwanawe alikotaka kuoa.

Wote walinirudia akilini juzi huko Umoja kwa harufu ya gunia tu. Mjukuu wangu Sharon amevalisha mito ya kochi lake gunia. "Shosh, gusa vile inakwaruza! Nyumba ikiwa laini kila mahali inaboo, inachosha."

Niligusa, uso ukanichoma.

Sisi kochi letu lilikuwa la gunia kwa kukosa. Kitambaa chake kilipoisha, baba alishonea gunia la mahindi, naye mama akalifunika kwa vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe. Kwetu mgeni haketi kwenye kiti kitupu. Wiki hiyo mvua ilinyesha sana, na vitambaa alikuwa amevitia wanga mzito wa unga wa ngano ili visimame. Havikukauka. Akavitandika hivyo hivyo.

Mama Joash akakaa, akanywa chai, akainuka kutuombea. Kitambaa kikainuka naye, kimemganda mgongoni! Gunia likabaki uchi, na maandishi yake. Baba akatazama dari. Peris akafunika uso. Mimi nikaingia nyuma ya pazia, nikatamani niwe mtoto wa jirani.

"Mama Joash, nisamehe," mama akasema. "Ni hii mvua."

Mgeni alipapasa mgongo, akakibandua, akajitanda mabegani kama shali. "Mvua gani, Mama Peris? Hiki sirudishi. Umeshanipa."

Akatoka nacho, akapita mbele ya majirani wote. Nililia. Niliona anakwenda kututangaza, na Peris haolewi tena.

Peris aliolewa. Siku moja nilienda kumsaidia kufua kwa mkwewe, nikakiona kile kitambaa kwenye kiti cha Mama Joash. Nikakiinua. Chini yake, gunia.

Nilikirudisha upesi, nikakinyoosha pembe zote. Mama alizoea kusema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, nami nilidhani ni maneno ya matanga tu. Bado nikikumbuka lile pazia naona haya.

Nyinyi mliokulia Kaloleni, kama nimekosea jina la mtu, au ile chai ilikuwa uji, nirekebisheni. Gunia tu ndilo msinibishie.