Kiti Nilichomnyima Evaristi

Evaristi, mume wa binti yangu Edith, alikuwa karani wa ghala la ushirika pale Matai mpaka ghala lilipofungwa. Wenzake walikaa kusubiri lifunguliwe. Yeye akaanza kununua maharage na ulezi vijijini, akiyapeleka Sumbawanga kwa mabasi ya watu binafsi yaliyokuwa yameanza kuja kwetu.

Sijaona mtu aliyejua kusafiri kama yeye. Magunia yake aliyashona kwa uzi mwekundu, yasichanganywe na ya wengine kule juu ya basi. Alimwambia mwenye kuku awafunge miguu na kuwaweka chini ya kiti. Aliyeonekana atatapika alimpisha dirishani mapema, na siku zote alikuwa na mfuko wa nailoni mfukoni.

Mwaka mmoja alianguka kutoka juu ya basi akipakia, akavunjika mguu. Siku ya kwanza kusafiri tangu atolewe plasta, tukakutana ndani ya basi.

Nilikuwa nimewahi kiti. Akapanda na fimbo yake, na kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, ubavuni mwangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai wakagusana mabega. Kabla hajanifikia, nikaweka kikapu pale.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Hapa kuna mtu.”

“Haya, mama.” Akashika bomba la juu, akasimama.

Tulipopita kijiji cha pili, konda akaniuliza, “Mama, huyo mtu wako anapandia wapi?”

“Mbele.”

“Mbele ni mjini. Au kikapu ndiyo abiria?”

Watu wakacheka. Mfugaji mmoja aitwaye Masunga, aliyesimama nyuma ya Evaristi, akasema, “Dada, kipakate hicho kikapu. Huyu ni mgonjwa.”

“Mwacheni mama,” Evaristi akasema. “Mimi nikikaa goti linaganda.”

Alisema uongo kwa ajili yangu. Jasho lilikuwa linamtoka, na kila shimo la barabara alifumba macho. Ningeweza kusimama mimi, akakaa yeye. Miguu yangu ilikuwa mizima. Nililifikiria hilo tangu kijiji cha kwanza, lakini niliona nikisimama wote watajua hakukuwa na mtu. Basi nikaangalia nje, nikajifanya natafuta mtu njiani.

Sumbawanga hakuweza kushuka. Masunga alimshika makwapani akamteremsha. Mimi nilipitia pembeni yao na kikapu changu.

Wiki iliyofuata Edith alikuja nyumbani. Mguu wa mumewe umevimba, akasema, wamemrudishia plasta, na maharage ya msimu huu hatayafuata.

“Mama, mlipanda basi moja na baba Herieth?”

“Ndiyo.”

“Anasema lilikuwa limejaa.”

“Lilikuwa limejaa,” nikamjibu, nikaendelea kupepeta ulezi.